Pampu iliyotaka mikono hamsini: kwa nini zimamoto wa kujitolea walipigana huku nyumba zikiungua

Katika habari za miji mikubwa ya Marekani kati ya miaka ya 1830 na 1860, kuna kisa kinachojirudia mara kwa mara. Usiku kengele ya moto inalia. Wanaume wanaruka kutoka vitandani, ingawa hakuna anayewalipa hata senti, wanashika kamba za gari la pampu na kulikokota mbio juu ya barabara za mawe. Wakifika kwenye moto wanakuta kikosi kingine cha kujitolea kimewatangulia, au kinaingia wakati huohuo. Hapohapo, mbele ya nyumba inayowaka, vikosi viwili vinaanza kupigana kwa ngumi, kwa marungu, kwa mawe, na huko Philadelphia na Baltimore hata kwa bastola. Wanagombea maji, au mahali pa kusimamisha pampu. Paa linaporomoka huku wazimaji wakiwa wameshikana mashati.

Wengi wanaosimulia visa hivi humalizia kwa kusema walikuwa wahuni tu. Maelezo hayo hayanitoshi. Watu haohao waliingia kwenye majengo yanayotaka kuanguka kuokoa watoto wa watu wasiowajua, na baadhi yao hawakutoka, wakiwaacha wajane mikononi mwa mifuko midogo ya misaada. Inakuwaje mtu mmoja awe jasiri kiasi hicho na mgomvi kiasi hicho, pengine katika usiku mmoja? Ili kuelewa, inabidi kutenganisha mambo matatu yaliyosokotana: mashine yenyewe, maji yalikotoka, na heshima aliyoipata mwanaume wa kawaida kwa kushika mpini wa pampu. Naanza na mashine, kwa sababu ndiyo iliyowakusanya watu wote hao.

Ndani ya sanduku

Kanuni ya pampu hii ni ya kale. Ctesibius wa Alexandria, Misri, alibuni pampu ya kusukuma maji kwa pistoni katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Ulaya ikairudia katika karne ya 17, na mjini London fundi Richard Newsham akapata hataza mwaka 1721 na tena 1725 kwa gari la pampu lililokuwa jembamba kiasi cha kupita vichochoroni. New York ilianza na mashine mbili za Newsham, zilizoletwa kwa meli mwaka 1731. Za karne ya 19 zilikuwa kubwa zaidi na zenye nguvu zaidi, lakini ukiondoa rangi na mapambo, ndani ni kilekile.

Ni sanduku refu juu ya magurudumu manne. Ndani yake zimesimama silinda mbili, kila moja na pistoni yake iliyozungushiwa ngozi ili maji yasipenye pembeni. Pistoni hizo zimefungwa kwenye mtaimbo mmoja unaocheza juu na chini, hivyo moja ikipanda nyingine inashuka. Inayopanda inavuta maji kupitia valvu ya chini. Inayoshuka inayasukuma nje kupitia valvu nyingine. Upande mmoja ukiwa unajaza, wa pili unamwaga. Bado kungekuwa na kukatikakatika, kwa kuwa pistoni zote mbili hugeuka kwa pamoja, na katika sehemu hiyo ya sekunde hakuna inayosukuma. Dawa yake ilikuwa chemba ya hewa: mtungi wa chuma uliozibwa kabisa juu, ambamo maji hupitia kabla ya kutoka. Maji yakiingia kwa nguvu hubana hewa iliyomo. Pistoni zikigeuka, hewa ile inatanuka na kuendelea kuyasukuma maji badala yake. Kinachotoka kwenye nozeli ni mkondo mmoja ulionyooka, usiotetemeka, unaoweza kupigwa hadi kwenye madirisha ya ghorofa za juu. Kwangu mimi chemba hiyo ndiyo yenye akili kuliko vyote vilivyomo, na haina kipande hata kimoja kinachosogea.

Kila mji ulikuwa na mtindo wake. Mashine za New York nyingi zilisukumwa kwa mipini iliyokuwa ubavuni. Za Philadelphia zilikuwa na mipini mbele na nyuma, tena ya ngazi mbili: kundi moja lilisimama chini, jingine juu ya gari lenyewe. Huko Boston, William Hunneman, aliyejifunza kazi ya shaba katika karakana ya Paul Revere, alianzisha kiwanda ambacho yeye na warithi wake walitoa mashine zaidi ya 700.

Philadelphia ilikuwa na Pat Lyon, na huyu siwezi kumpita bila kusimama. Alikuwa mhunzi. Mwaka 1798 alifungwa kwa wizi wa benki ambao hakuufanya. Sababu kubwa ya kushukiwa ilikuwa kwamba yeye ndiye aliyeishughulikia milango ya chuma ya hazina ile. Baadaye alitambuliwa kuwa hana hatia, akalipwa fidia, akapata jina kwa kutengeneza pampu za zimamoto. Alipotajirika alimwita mchoraji John Neagle amchore, na akataka achorwe akiwa mhunzi, si bwana mkubwa. Katika picha hiyo ya miaka ya 1826 na 1827 amesimama mbele ya tanuri na aproni yake ya ngozi, mikono ya shati imekunjwa, na dirishani unaonekana mnara wa jela alikofungwa. Huyo ndiye aina ya mtu aliyeujaza ulimwengu wa pampu: fundi mwenye mikono migumu, anayeijua thamani yake na anayetaka ionekane.

Sasa tuje kwenye mipini. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme pampu inatoa lita 400 kwa dakika, kwa msukumo unaotosha kuyapandisha maji mita 40. Kazi hiyo inahitaji wati 2,600 hivi. Mwanaume mwenye afya anaweza kutoa wati 75 kwa muda mrefu bila kuzimia. Gawanya, unapata watu 35. Ongeza nguvu inayopotea kwa msuguano wa ngozi, valvu na mabomba, unapita 50 kwa urahisi. Anaweza kujikaza akatoa mara tatu ya hapo, lakini ni kwa dakika chache tu. Aliyewahi kupiga bomba la kisima kijijini anajua mabega yanavyoanza kuwaka baada ya ndoo kadhaa. Hawa walipiga mapigo 60 kwa dakika, na kwenye mashindano waliweza kufika mara mbili yake, huku kiongozi akiwa juu ya sanduku na tarumbeta ya kupazia sauti, anawafokea waongeze.

Kwa kasi hiyo mtu hadumu. Ilibidi wa akiba waingie kushika nafasi ya aliyechoka bila pampu kusimama, na kuukamata mpini unaopanda na kushuka kwa nguvu za watu ishirini si mchezo: ukikosea mdundo unavunjwa mkono au vidole. Kwa hiyo mashine moja kubwa ilidai zamu mbili au tatu za watu, pamoja na wavuta kamba, wabeba mabomba, washika nozeli, na vijana wa kukimbia mbele na mienge kuwamulikia njia. Ukweli wenyewe ni huu: hakuna mji wa wakati ule uliokuwa tayari kuwalipa mishahara watu wote hao wakae wakisubiri moto ambao pengine hautokei wiki nzima. Ulihitaji umati wa bure, uliofundishwa kufanya kazi pamoja, unaokuja usiku wa manane kwa hiari. Umati wa namna hiyo haununuliki kwa fedha, na lazima upewe kitu kingine.

Maji ya mto na aibu ya kufurikwa

Hapo awali maji yalifika kwa ndoo. Benjamin Franklin na wenzake walipoanzisha kikosi chao cha kujitolea mjini Philadelphia tarehe 7 Desemba 1736, kila mwanachama alitakiwa kuwa na ndoo zake za ngozi, pamoja na mifuko ya kuokolea mali za watu. Watu walijipanga safu mbili kutoka kisimani. Moja ilipitisha ndoo zilizojaa, nyingine ilirudisha tupu, na pampu ilisimama karibu na moto ikimiminiwa maji kwenye sanduku lake.

Mabadiliko makubwa yalikuja na bomba la ngozi linalostahimili msukumo. Mabomba ya kushonwa kwa uzi yalipasuka kwenye mshono pampu ilipopigwa kwa nguvu. Kuanzia mwaka 1807, mafundi Sellers na Pennock wa Philadelphia waliacha uzi, wakaunganisha ngozi kwa ribiti za shaba. Bomba lile lilikuwa zito na lilihitaji matunzo ya kila mara: baada ya moto lilioshwa, likatundikwa likauke, kisha likapakwa mafuta lisikakamae na kupasuka. Lakini sasa maji yangeweza kusafiri. Baadaye yakaongezwa mabomba magumu ya kufyonzea, pampu ikaweza kujivutia maji yenyewe kutoka mtoni au kwenye tangi. Hapo pana mpaka ambao hakuna nguvu ya mikono inayouvuka: maji hayapandi kwa kufyonzwa zaidi ya mita kumi, kwa sababu kinachoyapandisha ni uzito wa hewa ya nje, na kwa vitendo hata mita nane ni bahati.

Mto ukiwa mbali na moto, pampu zilipangwa kwa mstari. Ya kwanza ilifyonza mtoni na kusukuma maji kwa bomba hadi kwenye sanduku la pili. Ya pili ikasukuma hadi la tatu. Na kuendelea, mpaka ya mwisho iliyoshika moto wenyewe. Kazi ya kila kikosi ilikuwa kumwaga kwa kasi ileile maji yanayoingia. Wakizidiwa, sanduku lao linafurika, maji yanamwagika barabarani mbele ya watu wote. Hiyo ilikuwa fedheha ya kukumbukwa miaka. Vikosi vilijisifu kwamba pampu yao haijawahi kufurikwa, na kikosi cha nyuma yao kilijitahidi kwa kila hali kuwafurika.

Katika hali hiyo ushindani ulikuwa na faida. Wivu wa kikosi cha tatu dhidi ya cha pili ndio uliowafanya watu wapige mapigo ambayo hakuna mshahara ungewafanya wayapige, na maji yakafika. Kila kikosi kilimhitaji jirani yake: hata ukimchukia, bila yeye huna maji.

Mtihani mkubwa wa mfumo huo ulikuja New York usiku wa tarehe 16 Desemba 1835. Baridi ilifika nyuzi 27 chini ya sifuri. Moto ulianza katika maghala ya eneo la biashara karibu na Wall Street, na mto ulikuwa umeganda. Zimamoto walitoboa barafu ili pampu zifyonze, lakini maji yaliganda ndani ya mabomba na ndani ya silinda. Upepo ulirudisha mkondo wa maji usoni mwa waliouelekeza. Inasimuliwa kwamba walimimina pombe kali ndani ya pampu na hata kwenye buti zao zisigande. Mwishoni ilibidi majengo yalipuliwe kwa baruti ili moto ukose pa kwenda. Karibu majengo 700 yaliteketea, na kati ya makampuni 26 ya bima ya moto ya mji huo, 23 yalifilisika. Zimamoto wa Philadelphia walisafiri kuja kuwapokea wenzao waliokuwa hoi. Katika usiku ule sioni wahuni. Naona watu waliopambana mpaka mashine ikashindwa kabla yao.

Haidranti ilipogeuza mambo

Baada ya janga hilo New York iliharakisha mradi wa kuleta maji kutoka mto Croton, yaliyofika mjini mwaka 1842. Philadelphia ilikuwa imetangulia. Mabomba yake ya mbao yalianza kupeleka maji mitaani mwaka 1801. Mtaa ukawa na haidranti, yaani mdomo wa bomba la mtaa unaofunguliwa wakati wa moto.

Ungetarajia ugomvi upungue. Nadhani kinyume chake ndicho kilichotokea, na sababu iko wazi ukitazama mpangilio. Kwenye mstari wa pampu kulikuwa na nafasi kwa wote. Kwenye haidranti kuna nafasi moja, na aliyefika kwanza ndiye mwenye moto. Vikosi vikaanza kumtuma kijana mwenye mbio atangulie na pipa, alifunike juu ya haidranti na kulikalia mpaka wenzake wafike. Kikosi kingine kikija, kinamkuta mtu mmoja amekaa juu ya pipa na hakubali kuondoka. Kilichofuata hakihitaji kuelezwa. Baadhi ya vikosi vikaanza kuandikisha watu kwa sababu ya ngumi zao kuliko uwezo wao wa kuzima moto.

Haidranti peke yake haitoshi kueleza yote. Philadelphia ya wakati huo haikuwa mji mmoja. Ilikuwa imezungukwa na manispaa ndogo kama Southwark na Moyamensing, kila moja na mamlaka yake, na mhalifu aliyevuka barabara aliweza kuwaacha polisi wa upande wa pili wakimtazama. Wahamiaji Waireland Wakatoliki walikuwa wakiingia kwa maelfu, na wenyeji Waprotestanti waliwachukia. Vikosi vya zimamoto vilijengwa mtaa kwa mtaa, kwa hiyo kila chuki ya mtaa ilipata kikosi chake, pampu yake na jina lake. Kikosi cha mabomba cha Moyamensing kilifungamana na genge lililojiita Killers, yaani wauaji. Mwezi Oktoba 1849 genge hilo liliongoza shambulio dhidi ya nyumba ya pombe iitwayo California House, iliyokuwa ya mwanaume mwenye asili ya Kiafrika aliyeoa mwanamke mzungu, likaitia moto, na zimamoto waliokuja kuuzima walishambuliwa. Machafuko ya aina hiyo yalichangia kuziunganisha manispaa zote kuwa mji mmoja mwaka 1854.

Walicholipwa badala ya fedha

Nilisema umati wa bure lazima upewe kitu. New York iliwapa msamaha wa kutumikia jeshi la mgambo na wa kuitwa kwenye juri la mahakama, faida kubwa kwa fundi anayeishi kwa kazi ya siku. Lakini faida kuu ilikuwa ya namna nyingine. Kijana aliyefanya kazi mchana kutwa chini ya amri ya mwajiri, jioni alikuwa mwanachama wa kikosi chenye jengo lake, sheria zake, kura zake na viongozi waliochaguliwa. Pampu yenyewe ilipambwa kwa shaba iliyong'arishwa na kwa picha zilizochorwa na wasanii wa kweli. John Quidor wa New York na John Archibald Woodside wa Philadelphia walipata riziki kwa kuchora mbao za magari ya zimamoto. Kofia ya ngozi yenye ukingo mrefu wa nyuma wa kuzuia maji yasiingie shingoni, ambayo Henry Gratacap wa New York aliiboresha, ikawa alama ya mtu wa kuheshimiwa. Siku za sherehe mji mzima ulijipanga barabarani kuwatazama wakipita.

Heshima hiyo ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na walinzi. Mwaka 1818 watu weusi huru wa Philadelphia walikusanyika kuanzisha kikosi chao, walichokiita African Fire Association. Vikosi vya wazungu vilipinga vikali, na mpango huo ukasimamishwa kwa shinikizo. Mwaka huohuo, kwa mujibu wa simulizi za zimamoto wa New York, dhoruba ya theluji iliwazuia watu wa kikosi namba 11 kutoka, na aliyeshika kamba ya gari lao akalivuta alikuwa Molly Williams, mwanamke mweusi mtumwa wa mfanyabiashara mmoja wa kikosi hicho. Kusini, huko Savannah katika jimbo la Georgia, pampu zilipigwa hasa na watumwa na watu weusi huru. Ukiyaweka haya pamoja unaona jambo ambalo naliona kuwa kiini cha habari yote: pale ambapo kupiga pampu kulihesabiwa kuwa kazi ngumu tu, mikono myeusi iliitwa na kulazimishwa, pale ambapo kulileta hadhi ya uraia, ilifukuzwa. Tarehe 17 Mei 1838, wapinzani wa harakati za kukomesha utumwa walipolichoma jengo la Pennsylvania Hall mjini Philadelphia, siku tatu tu baada ya kufunguliwa, vikosi vilifika, vikamwagia maji majengo ya jirani, na kuliacha lile liungue lote. Hapo hapakukosekana maji wala mikono.

Wanasiasa hawakuchelewa kuona kwamba kikosi cha zimamoto ni kura mia zilizokwisha kupangwa. James Gulick, mkuu wa zimamoto wa New York, alipoondolewa madarakani mwaka 1836, vikosi vilimgomea aliyemrithi na watu wengi wakajiuzulu. Kisha wakaingia kwenye uchaguzi na kumpa Gulick cheo kingine cha mji. William Tweed, ambaye baadaye alikuja kuwa bwana wa ufisadi wa New York, alianza kujulikana akiwa kiongozi wa kikosi cha pampu cha Americus, namba 6. Kichwa cha chui milia kilichochorwa kwenye gari lao kikawa nembo ya chama chake cha siasa, Tammany.

Mvuke

Mashine iliyoondoa haja ya umati ilikuwapo muda mrefu kabla ya kukubaliwa. Mjini London, Braithwaite na Ericsson walijenga pampu ya mvuke mwaka 1829, na katika baridi kali ya Februari 1830 iliendelea kufanya kazi kwenye moto wa Argyll Rooms wakati pampu za mikono zilipoganda. Haikununuliwa. New York, makampuni ya bima yaligharimia mashine ya mvuke ya Paul Hodge mwaka 1840 na 1841. Kikosi kilichokabidhiwa hakikuipenda, ikaachwa. Sababu si ujinga. Walielewa vizuri kwamba pampu isiyohitaji mikono haihitaji kikosi cha watu mia, na bila kikosi kinaondoka kila kitu nilichokieleza hapo juu.

Cincinnati ndiyo iliyovunja ukaidi huo. Vurugu za vikosi vyake zilikuwa zimewachosha wenye mali. Fundi Alexander Latta, akishirikiana na Abel Shawk, alijenga pampu ya mvuke ya kukokotwa na farasi wanne, ikapewa jina la Uncle Joe Ross, kwa heshima ya diwani aliyeitetea. Tarehe 1 Aprili 1853 mji ukaanzisha kikosi cha kulipwa chini ya Miles Greenwood, mwenye kiwanda cha chuma. Vitisho vya kuiharibu mashine vilikuwa vikubwa, na Greenwood aliizungushia watu wake wa kuilinda. Mashine ikaonyesha kazi yake barabarani, na mjadala kwa sehemu kubwa ukaisha.

Miji mingine ilifuata: St. Louis mwaka 1857, Baltimore mwaka 1859, New York mwaka 1865, Philadelphia mwaka 1871. Angalia namba za New York. Watu wa kujitolea walikuwa takribani 4,000. Kila kikosi kipya cha pampu ya mvuke kilikuwa na watu 12: kiongozi na msaidizi wake, fundi wa injini, mchochea moto, dereva wa farasi, na zimamoto saba. Hao 12 waliweza kurusha maji usiku kucha bila kuchoka, mradi makaa yapo. Mji uliokuwa hauwezi kulipa mikono 4,000 uliweza kulipa hiyo michache. Zimamoto wa kulipwa wamezaliwa na hesabu hiyo, kuliko na hasira za watu dhidi ya vurugu.

Njia nyingine

Kuna jambo moja linanizuia kuutupia mfumo wa kujitolea lawama zote. Pampu ilikuwa ileile Ulaya, na iliomba mikono mingi vilevile, lakini matokeo yalikuwa tofauti.

Edinburgh iliunda kikosi chake cha mji mwaka 1824 chini ya kijana James Braidwood. Wiki chache baadaye, mwezi Novemba, mji ukapata moto mkubwa ambao wakubwa mbalimbali walitoa amri zinazopingana. Baada ya hapo ilikubaliwa kwamba kwenye moto ni mtu mmoja tu anayeamuru, naye ni Braidwood. Mwaka 1833 aliitwa London kuongoza kikosi cha pamoja cha makampuni ya bima. Zimamoto wake wa kudumu walikuwa wachache. Mikono ya pampu waliiokota palepale barabarani. Mpita njia aliyekubali kupiga alilipwa shilingi moja kwa saa ya kwanza na peni sita, yaani nusu shilingi, kwa kila saa iliyofuata, pamoja na bia, na bia ikichelewa, wapigaji waliimba wakiidai kwa mdundo wa mapigo. Hakuna aliyepigania haidranti kwa ajili ya kikosi asichokuwa mwanachama wake. Braidwood mwenyewe alifia kazini, akiangukiwa na ukuta kwenye moto wa Tooley Street tarehe 22 Juni 1861.

Ujerumani ilichukua njia ya kujitolea, ila kwa mpangilio mwingine. Mwaka 1846 huko Durlach kikosi cha raia kilipangwa kuitumia pampu mpya ya Carl Metz wa Heidelberg. Tarehe 28 Februari 1847 ukumbi wa tamthilia wa Karlsruhe, mji wa jirani, ukashika moto na kuua watu zaidi ya 60. Watu wa Durlach walifika na nidhamu yao ikawashangaza wote. Vyama vya mazoezi ya viungo vikajaza vikosi vya namna hiyo nchini kote: vijana wenye misuli, waliozoea kutii hesabu ya mwalimu. Tofauti kubwa ni kwamba mji ulikuwa na kikosi kimoja chenye kamanda mmoja, si kumi na tano vinavyokimbizana. Ujerumani ya leo ina karibu watu milioni moja wanaozima moto kwa kujitolea.

Chile nayo ilianzia Valparaíso mwaka 1851. Santiago ilifuata baada ya tarehe 8 Desemba 1863, siku ambayo kanisa la Compañía liliungua likiwa limejaa waumini na watu zaidi ya 2,000 wakafa, wengi wao wanawake. Mpaka sasa zimamoto wa Chile hawalipwi, wakiwamo wa Santiago, mji wa mamilioni ya watu.

Na Marekani yenyewe haikuacha. Zaidi ya nusu ya zimamoto wa nchi hiyo leo ni wa kujitolea, wengi wao katika miji midogo na vijiji ambavyo havingeweza kamwe kukusanya mikono hamsini kwa mpini mmoja. Injini iliyowaondoa wenzao wa New York na Philadelphia ndiyo inayowawezesha wao: watu sita wanaoacha duka, shamba au karakana wanatosha kulitoa gari na kufika na maji.